Mwanangu, Orfeo Aliishia Wapi?

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na sisi huku hatujambo. Umeniandikia kuhusu ile opera ya Orfeo uliyopelekwa na wenzako wa kazini, ile hadithi ya kale ya Wagiriki ya mwimbaji anayefiwa na mkewe Euridice, akamfuata kuzimu, na akampoteza tena kwa kugeuka nyuma kumtazama. Jukwaani uliona mungu Apollo akishuka na kupanda na Orfeo mbinguni. Halafu ukapata kijitabu cha maneno kama yalivyochapishwa mwaka 1607, na humo Apollo hayumo kabisa. Wapo wanawake walevi, wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo, wanamwandama Orfeo kwa hasira. Unauliza mwisho upi ndio wenyewe, na kama ule wa mbinguni uliwekwa tu kuwafurahisha wakubwa. Mama yako nimeshinda na nota za kwaya miaka yote hii, na kazi hii naipenda mno, kwa hiyo vumilia urefu wa jibu.

Miisho yote miwili ni ya wenye kazi wenyewe. Claudio Monteverdi alikuwa mwanamuziki mwajiriwa wa Duke Vincenzo Gonzaga huko Mantua, na maneno yalitungwa na Alessandro Striggio, ambaye naye alikuwa mtumishi wa jumba hilohilo. Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1607, msimu wa kanivali, mbele ya chama cha waungwana wasomi kilichoitwa Accademia degli Invaghiti. Siku moja kabla, Carlo Magno, mtu wa palepale Mantua, alimwandikia ndugu yake aliyekuwa Roma kwamba kesho kuna mchezo wa ajabu, maana wachezaji wote watasema kwa kuimba. Jambo lenyewe lilikuwa geni kiasi hicho. Kijitabu chao cha mwaka ule kinaishia na wale wanawake. Nota zilipochapishwa Venice mwaka 1609, Apollo ndiye anayekuja mwishoni.

Wasomi wale walimjua vizuri Ovid, mshairi wa Roma ya kale, na kwa Ovid wanawake wanamrarua Orfeo vipande vipande. Lakini kisome tena kijitabu chako. Hakuna anayeraruliwa. Orfeo anakimbia, wao wanaapa kwamba hataikwepa ghadhabu ya mbinguni, kisha wanarudi kumsifu mungu wao wa mvinyo. Striggio alimwacha njiani.

Kuhusu kuwafurahisha wakubwa, mfano halisi upo, nao si huu. Mwaka 1600 huko Florence, kwenye sherehe za ndoa ya Maria de' Medici na Henri IV wa Ufaransa, ilionyeshwa opera ya Jacopo Peri kuhusu hadithi hiihii. Mle Orfeo anapewa mkewe bila sharti lolote, hageuki nyuma wala hampotezi tena, na wote wanacheza. Ni harusi ya mfalme, nani angetaka maiti? Monteverdi hakumrudisha Euridice. Katika miisho yake yote miwili, mwanamke yule amekufa na anabaki amekufa. Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko suala la nani anashuka kutoka juu.

Maana uzito wa kazi hii uko sehemu ya pili. Wachungaji wa kondoo wanaimba, Orfeo anaimba, kila kitu ni ngoma na furaha ya arusi. Ghafla anaingia mjumbe mwanamke, na hata kabla hujaelewa anasema nini, chini ya sauti yake muziki umekwisha kugeuka. Orfeo anamuuliza: unatoka wapi, unakwenda wapi, umeleta nini? Yule mjumbe anashindwa kulitoa moja kwa moja. Analitaja jina la Euridice, Orfeo anamkatiza. Ndipo anasema, mkeo mpendwa amekufa. Na Orfeo, mwimbaji ambaye dunia nzima inamsifu, anajibu kwa neno moja tu la kuugua: ohimè. Basi. Wawili hao wanaimba katika funguo za muziki zilizo mbali sana, Orfeo anadondokea kwenye ufunguo mwingine kabisa, kana kwamba habari ile haijamfikia bado. Kisha ananyamaza wakati mjumbe anasimulia yote: maua, nyoka, maji waliyomnyunyizia, na Euridice kufumbua macho, kuita Orfeo, Orfeo, na kukata roho mikononi mwa mjumbe huyo. Wachungaji ndio wanaolia. Orfeo kimya. Anapopata sauti, anaiaga ardhi, anaiaga mbingu, analiaga jua, na kila kuaga kunapanda juu ya kule kulikotangulia. Nimefundisha nyimbo nyingi za misiba, na sijaona mtunzi aliyejua hivi wakati wa kumnyamazisha mwimbaji wake.

Huko kuzimu anamwimbia Caronte, mvushaji wa mto, wimbo mgumu kuliko yote. Monteverdi alichapisha mistari miwili ya sauti, mmoja wa nota tupu na mwingine uliojaa mapambo, na kati yake zinajibizana fidla, kisha zumari za cornetto, kisha kinubi. Caronte anasikiliza, anakiri kwamba amependezwa, na anakataa. Anakuja kulala usingizi tu, Orfeo akachukua mashua. Wengi husema muziki ulimshinda Caronte. Mimi naona mtunzi alikuwa mkweli zaidi ya hapo.

Tena ni uimbaji uleule unaomponza. Pluto, mfalme wa kuzimu, ameridhia Euridice arudi, kwa maombi ya mkewe Proserpina, sharti ni moja, asitazame nyuma. Orfeo anatembea akikisifu kinubi chake kwa wimbo wa mwendo wa haraka, mara anajiuliza: ninapoimba hivi, nani ananihakikishia kwamba Euridice ananifuata? Kelele zinasikika nyuma ya jukwaa. Anageuka. Euridice anauliza kama ndivyo Orfeo anavyompoteza, kwa kupenda kupita kiasi.

Claudia, mke wa Monteverdi, naye alikuwa mwimbaji, alifariki Septemba 1607, kati ya onyesho la kwanza na uchapishaji wa nota. Usikimbilie kusema kifo chake ndicho kilichobadili mwisho. Hakuna hati inayosema hivyo, na mimi sitaki kumwekea marehemu maneno.

Ukiniuliza napendelea upi, ni ule wa 1609, na sababu yangu ni ya mzazi. Apollo katika opera hii ni baba yake Orfeo. Anamkuta mtoto amebaki akilia peke yake, mwangwi ukimrudishia mwisho wa maneno yake mwenyewe, na anamuuliza, mwanangu, mbona unajitoa hivi kwa hasira na huzuni? Anamwambia ulifurahi kupita kiasi, sasa unalia kupita kiasi. Orfeo anauliza kama hatamwona tena Euridice. Baba hamdanganyi: utauona mfano wake kwenye jua na nyota. Ni kidogo sana hicho, na Orfeo anakipokea. Kisha wanapanda wakiimba pamoja, sauti mbili za kiume zikifukuzana juu kwa nota za mbio.

Ukipata rekodi, anza na sehemu ya pili, pale mjumbe anapoingia, uniandikie ulivyosikia.

Mama yako