Maswali na majibu: Plastiki iliyogandia kwenye ekzosi

Barua za safari hii karibu zote zinanuka plastiki iliyoungua. Nimezijibu pamoja.

Swali: Fundi, koti langu la mvua liligusa ekzosi nikiwa njiani. Limeacha doa jeusi la urefu wa kiganja, gumu kama jiwe. Ekzosi ni ya kromu. Nilikwangua kwa kisu, ikachubuka kidogo, nikaacha. Nianzie wapi?

Jibu: Ulifanya vizuri kuacha. Kromu ni ngumu, lakini ni utando mwembamba mno: kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, nao umelazwa juu ya nikeli. Ncha ya kisu ikipenya hapo, maji yanapata njia, kutu inaanzia chini na kuubandua utando wote.

Joto ndilo lililoigandisha plastiki, na joto hilohilo ndilo litakaloitoa, ila kwa kipimo. Toa pikipiki nje penye hewa, washa injini dakika mbili tatu, kisha zima. Vaa glavu za ngozi, bonyeza doa kwa ukingo wa mwiko wa mbao. Likibonyea kama nta, lisukume polepole kutoka pembeni, na kila kinachong'oka kifute papo hapo kwa kitambaa cha pamba. Nimesema pamba kwa makusudi, maana cha nailoni kitakuachia doa la pili. Likianza kuwa gumu tena, washa injini tena. Usitarajie kumaliza kwa mkupuo mmoja. Mimi huwa narudia mara nne au tano, na hapo nina mazoea. Kama doa liko mbali na injini na bomba halipati joto la kutosha, draya ya nywele inasaidia.

Ukiona moshi unatoka kwenye doa, umezidisha. Makoti mengi ya mvua yana PVC, aina ya plastiki, na PVC ikiungua hutoa mvuke wa asidi ya hidrokloriki. Huo unachoma koo, na chuma pia unakila.

Donge likiisha kutabaki kivuli cha kahawia. Hapo acha bomba lipoe kabisa, kunjakunja kipande cha foili ya jikoni, kichovye kwenye maji, usugue bila kukandamiza. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi. Malizia kwa polishi ya kromu.

Swali: Rafiki yangu anasema nimwagie petroli ekzosi ikiwa bado ya moto, eti plastiki inatoka yenyewe. Ni kweli?

Jibu: Hapana, usithubutu! Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo, petroli ikifika nyuzi 250 hadi 280 hivi inaweza kuwaka bila hata cheche, na bomba karibu na kichwa cha injini linaweza kuvuka joto hilo pikipiki ikiwa kazini. Asetoni nayo ni ya bomba lililopoa tu, tena haiyeyushi kila kitu: polithini ya mifuko na nailoni haziihofu hata kidogo.

Kuna na dawa ya kusafishia breki. Baadhi zina viyeyushi vya klorini, na hivyo vikikutana na chuma chenye moto mkali vinaweza kutoa fosjini, gesi iliyoua wanajeshi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Doa la koti halistahili hatari hiyo.

Swali: Kwangu si plastiki, ni soli ya kiatu. Nimepasha moto, haitoki.

Jibu: Inategemea soli. Soli nyingi za bei nafuu ni plastiki inayojifanya mpira, nazo hulainika kama nilivyoeleza juu. Mpira wa kweli uliopikwa na salfa hauyeyuki tena; ukizidiwa na joto unageuka mkaa. Huo uondoe kwa dawa ya kusafishia oveni. Paka kwenye bomba lililopoa, acha dakika kumi, futa, suuza kwa maji mengi. Dawa hiyo mara nyingi ina kostiki soda, kwa hiyo vaa glavu za mpira na miwani, na usiiache idondokee alumini. Injini na rimu nyingi ni alumini, na kostiki huzila na kuziacha nyeusi. Mahali pa rangi pia isifike.

Swali: Stili waya ya jikoni je?

Jibu: Ile nene, hapana. Ile laini kabisa yenye alama 0000, ikiwa na tone la mafuta, inavumilika kwenye kromu. Kwenye chuma kisichoshika kutu usiitumie kabisa: inaacha chembe za chuma cha kawaida, nazo zitaota kutu juu ya bomba lako zuri.

Swali: Ekzosi yangu imepakwa rangi nyeusi.

Jibu: Toa kinachotoka kwa mwiko bomba likiwa na uvuguvugu. Kilichobaki kitaondoka na rangi, kubali tu. Piga msasa, paka rangi mpya ya kuhimili joto, na ufuate maelezo ya kopo, maana rangi hizo hukomaa kwa kupashwa moto na kupoa.

Swali: Suruali ya nailoni ya abiria iliyeyuka ikamnata mguuni. Tulimpaka dawa ya meno. Tulikosea?

Jibu: Ndiyo. Dawa ya meno, siagi na mafuta hufungia joto ndani. Siku nyingine mwagieni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, wala msibandue kilichoganda, kwani kitatoka na ngozi. Aende hospitali akatolewe huko.

Swali: Bomba limekuwa la bluu karibu na injini. Ni plastiki gani hii?

Jibu: Si plastiki. Ni chuma chenyewe kimebadilika rangi kwa joto. Polishi inaweza kuipunguza, lakini kama imetokea ghafla, fundi aangalie kwanza kama mchanganyiko wa petroli na hewa uko sawa.