Shemeji wa Mwanza nimpeleke akaone maji?

Swali lenu la wiki hii lilikuwa mgeni akija na mna wikiendi moja tu, nje ya mji wenu mnampeleka wapi. Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, na najua wenzangu wa huku wote watawaandikia Raskazoni, Pangani, bahari, pweza, madafu. Sawa. Ila Desemba alikuja shemeji yangu kutoka Mwanza, mtu ana ziwa zima mlangoni kwake, sasa huyo nimpeleke akaone maji? Nikasema hapana, Jumamosi mapangoni Amboni, Jumapili tunapanda Amani, kule milimani Usambara, kwenye bustani ya Mjerumani, na hilo ndo jibu langu, vyote viwili, lakini pango lianze, manake ukianza na Amani mpangilio unaharibika na nitawaambia kwa nini.

Amboni wala sio mbali, ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini, unashika barabara ya Horohoro inayoenda Mombasa unaingilia kijiji cha Kiomoni, bajaji inakufikisha. Mimi mara ya mwisho kwenda nilikuwa darasa la tano, tumepangwa mistari miwili tumeshikana mikono, nakumbuka harufu ya popo na mwenzetu mmoja aliyelia. Miaka karibu thelathini nakaa mji huu huu sijarudi. Na siko peke yangu, ulizeni watu wa Tanga wangapi wameenda wakiwa watu wazima.

Sasa mle ndani. Ni mawe ya chokaa, inasemekana yana miaka kama milioni 150 na yalikuwa chini ya bahari, maji ndo yakayala polepole mpaka yakabaki matundu. Yule kijana anayewatembeza wageni ana tochi na kila jiwe kwake lina jina, hili sofa, hili mamba, hii meli, huu mlima Kilimanjaro. Sofa nimelikubali, ukikaa unakaa kweli. Kilimanjaro nimeuangalia mara tatu toka pembe tatu tofauti sijauona, shemeji anasema "shem wewe huna imani". Kuna mahali panaitwa mzimu wa Mabavu, watu wanakuja kuomba, mwenye kutafuta mtoto, mwenye shida yake, utakuta vibuyu na chupa za marashi na vitambaa, hapo mnapita kimya, hata shemeji mwenye mdomo alinyamaza.

Halafu kuna kile kitundu cha kupita kwa tumbo. Kijana kapita kama mjusi, shemeji mwembamba kapita, mimi nikaingiza kichwa, bega moja, bega la pili, nikafika kiunoni basi, mbele siendi nyuma sirudi, shati limepanda mpaka kwapani, jiwe la baridi linagusa kitambi. Yule kijana ananiambia toa pumzi yote mzee, usivute, toa tu. Nikatoa. Shemeji badala ya kunivuta mkono anapiga picha.

Na ile hadithi ya mbwa mnaijua? Kwamba Wazungu waliingia na mbwa wakapotelea mle, mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro. Wengine wanasema pango linatokea Mombasa. Nimekua nikiiamini kabisa, sasa kumbe 1994 walikuja wataalamu wakapima, pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Mimi nilipoambiwa niliumia kidogo kusema ukweli, si bora wangetuachia tu mbwa wetu.

Lakini kilichonifanya niseme pango lianze ni ua. Kuna ua dogo la zambarau, katikati manjano, majani yana manyoya laini kama sikio la sungura, Wazungu wanalipanda kwenye vikopo madirishani, Wajerumani wanaliita ua la Usambara, Waingereza wao wanaliita la Afrika. Lilitoka huku. Mwaka 1892 bwana mkubwa Mjerumani wa wilaya hapa Tanga, anaitwa Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji, na watu wa mimea wakitafuta ni wapi hasa wanataja miamba ya huku huku Amboni, akalipata pia milimani Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani, mzee alikuwa mpenzi wa mimea, likafika kwenye bustani za kifalme za Herrenhausen huko Hannover, na 1893 mkuu wa bustani akaliandika kwa jina la familia yao, Saintpaulia. Huenda ni mbegu za pale kwetu Kiomoni! Ndo maana nasema mgeni aone kwanza lile jiwe, aguse ile baridi na unyevu wake, halafu kesho yake ndo umpeleke milimani akalione ua lenyewe.

Jumapili tukaondoka alfajiri. Tanga mpaka Muheza ni lami, hapo Muheza msipite bila kununua machungwa, kisha unaacha lami unaanza vumbi na kona. Chini unapita Sigi, pana nyumba ya mbao ya Mjerumani, ilikuwa ya mkuu wa stesheni, manake enzi zao kulikuwa na kireli chembamba kutoka Tengeni mpaka hapo cha kushusha magogo. Kutoka hapo ni kupanda tu, masikio yanaziba, hewa inabadilika, unafika juu kwenye kama mita 900 unatafuta sweta na wewe ni mtu wa Tanga huna sweta.

Sasa hapa nataka niseme kitu, watu wengi wakienda Amani wanarudi wamenuna. Wanasikia bustani wanafikiria nyasi zimekatwa, chemchemi, mabenchi ya kupigia picha za harusi. Hakuna. Amani haijawahi kuwa bustani ya hivyo. Mjerumani aliianzisha 1902 kama shamba la majaribio, alikuwa anatafuta mti gani wa dunia nzima utamletea hela huku, akaleta kafuri, mpira, mdalasini, mitiki, mianzi, mkwinini, mimea mamia kwa mamia, kila kimoja na kitalu chake. Vita ya kwanza ya dunia ilipomkata na meli zake, dawa ya kwinini ya askari wake ikawa inatengenezwa pale pale kwa magome ya miti aliyopanda. Akaja Mwingereza akaendeleza utafiti, baadaye kilimo kikahamishiwa Kenya, pakabaki mambo ya malaria, mpaka leo majengo ya utafiti wa magonjwa yapo. Bustani yenyewe katikati ya yote hayo ikaachwa, msitu ukaingia, ndo unachokiona leo, miti mirefu ya mashariki ya mbali imesimama na ya Usambara bega kwa bega na mimea ya kutambaa imeifunga pamoja. Ukilijua hilo kabla hutanuna.

Cha kufanya ni kunusa. Kweli kabisa, mtu aliyetutembeza alikuwa mzee wa pale pale, tumempa shikamoo babu, kaitika, hajasema historia hata moja, kaokota jani chini kalisugua mkononi kanipa, "nusa". Kafuri. Ile ile ya sandukuni kwa bibi, ya kwenye sanda. Akakwangua gome kwa ukucha, mdalasini, ya moto na mbichi kidogo sio kama ya dukani. Shemeji akawa anaokota kila jani ananusa, mengine hayana lolote, babu anacheka.

Ila sio kila alicholeta Mjerumani kilikuwa cha heri. Kuna mti mmoja, kwa kitaalamu Maesopsis, Waganda wanauita musizi, ulipandwa pale na sasa umetoroka umeingia msitu wa asili, kila palipokatwa magogo wenyewe unajaza kwanza. Na anayeusambaza ni hondohondo, anakula matunda anaruka anadondosha mbegu mbele ya safari. Tulimsikia kabla ya kumuona, mabawa yake yanavuma kama mtu anapepeta ungo mkubwa juu ya kichwa chako. Tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia, kukata marufuku, lakini hondohondo nani atamkataza.

Ua tulilikuta kwenye kijito, upande wenye kivuli, kwenye jiwe lenye ukungu wa kijani. Maua matatu tu yamefunguka. Dogo mno, shemeji alikuwa ameshalipita. Nikapiga magoti kuligusa jani, lina baridi ya jiwe lile lile la jana, nikamwambia shem hili ndo lile la Kiomoni, akasema "kumbe ndo hili tu?" kisha akakaa chini analiangalia muda mrefu kuliko alivyoangalia pango zima.

Mambo ya safari kwa haraka: bebeni vitambulisho manake bei ya raia na ya mgeni hazifanani, tochi yenu wenyewe mapangoni msitegemee ya mwingine, na kama hamna gari mjue mabasi ya Amani ni machache, yanapanda mchana yanashuka asubuhi, sisi tulilichelewa tukalala huko huko kwa blanketi mbili kila mtu, na Jumatatu nikafika kazini saa tano. Mvua kubwa za Machi mpaka Mei msijaribu ile barabara. Iliki na pilipili manga nunueni kwa wanakijiji wenyewe.

Shemeji alirudi Mwanza na iliki kilo mbili. Picha alizopiga siku zote mbili zimepotea kwenye simu yake, anasema, imebaki moja tu, ile ya mimi nimekwama kiunoni, na ameiweka kwenye grupu la familia na mama mkwe ameijibu kwa sauti, ya dakika mbili, sijaisikiliza mpaka leo.