Wasomaji Wanauliza: Hoi An, Tulale Upande Gani?

SWALI: Mimi na mume wangu tutakuwa Vietnam mwishoni mwa Oktoba, na Hoi An tumeitengea siku nne. Nimepata chumba cha chini mtaa wa Bach Dang, kinatazama mto, na bei yake ni ndogo kuliko vyote nilivyoona. Nilipie?

JIBU: Usilipe bado. Oktoba na Novemba ni miezi ya mafuriko ya mto Thu Bon, na Bach Dang ndio mtaa wa kwanza kuingia maji. Huenda unafuu huo wa bei umetokana na hilo.

Mitaa ya mji mkongwe imelala sambamba na mto. Ukitoka ukingoni unakuta Bach Dang, kisha Nguyen Thai Hoc, Tran Phu, Phan Chu Trinh, halafu Tran Hung Dao. Kadiri unavyouacha mto ndivyo unavyopata nafuu. Siku ambayo Bach Dang watu wanapita kwa mtumbwi, Tran Hung Dao mara nyingi bado wanapita kwa miguu. Ukitaka kuamini, ingia nyumba ya Tan Ky, namba 101 Nguyen Thai Hoc, ambayo mgongo wake unatokea Bach Dang: ukutani zimewekwa alama za mahali maji yalipofika, mwaka kwa mwaka. Na katika nyumba ya Phung Hung, karibu na Daraja la Kijapani, dari ina mlango wa kupandishia bidhaa juu maji yanapoingia. Wafanyabiashara wa zamani walijenga wakijua mto utakuja.

Kabla ya kulipa, mwandikie mwenye nyumba umuulize: mvua za mwaka jana maji yalifika mlangoni? Yakija nikiwa humo, mtanihamishia wapi, au mtanirudishia fedha? Majibu yawe ya maandishi. Chagua pia nafasi inayofutika bila faini hadi siku moja au mbili kabla ya kufika, hata ikizidi bei kidogo. Kupanda ghorofani kunaokoa masanduku, lakini hakumalizi tatizo: umeme ukikatwa, pampu ya maji, lifti na kiyoyozi vinasimama, na kutoka nje utangoja mtumbwi.

SWALI: Mama mzazi ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tunakwenda Machi. Je, tumtafutie nyumba ya kale katikati ya mji, asitembee sana?

JIBU: Machi ni kiangazi, kwa hiyo chumba cha chini kinafaa kabisa. Ila katikati ya mji kuna shida mbili. Kwanza, vyumba vya kulala wageni ndani ya eneo la kihistoria ni vichache, na nyumba zenyewe ni nyembamba na ndefu, ngazi zake za mbao zimesimama wima, lifti hakuna. Pili, sehemu kubwa ya mchana na jioni vyombo vya moto haviruhusiwi kuingia. Teksi itawashusha pembezoni, na mama atamalizia kwa miguu.

Tunamshauri hoteli yenye lifti upande wa Ly Thuong Kiet au Hai Ba Trung, ambako gari linafika mlangoni. Jioni apelekwe kwa teksi hadi mpakani mwa mji mkongwe, au apande baiskeli ya matairi matatu ya kubeba abiria.

Angalieni hesabu ya ghorofa. Vietnam wapo wanaohesabu ghorofa ya kwanza kuanzia chini kabisa, na wapo wanaoanza baada ya ngazi za kwanza. Msiulize “ghorofa ya ngapi?” Ulizeni: “Kutoka barabarani hadi kitandani kuna ngazi ngapi?”

SWALI: Tuna watoto wawili, tunataka bahari na mji pia. Cua Dai au An Bang?

JIBU: An Bang. Ufukwe wa Cua Dai umeliwa vibaya na bahari, na sehemu zake nyingi sasa utaona mifuko ya mchanga na kuta za kuzuia mawimbi. An Bang iko kilomita nne hadi tano kutoka mjini. Nyumba nyingi za wageni huazima baiskeli bure. Jaribuni breki kabla ya kuondoka, na ulizeni kama kuna kiti cha mtoto. Kuanzia Oktoba hadi Januari bahari huchafuka, basi miezi hiyo laleni mjini.

Njia ya kati ni Cam Chau, kwenye mashamba ya mpunga kati ya mji na bahari. Pazuri, ila picha za matangazo hupigwa mpunga ukiwa kijani. Oktoba mavuno yameshapita, mtaona maji na matope. Usiku mbu si haba, chandarua kiulizieni.

SWALI: Nina usingizi mwepesi. Nikae An Hoi, ng'ambo ya daraja?

JIBU: Hapana. Soko la usiku liko huko, mtaa wa Nguyen Hoang, na baa zimejipanga kando ya mto. Ukiwa umeshalipa, omba chumba cha nyuma, kisha uliza kama dirisha linafunguka nje: vyumba vya bei ya chini mara nyingi dirisha lake hutazama korido, au havina dirisha kabisa. Epuka pia tarehe 14 ya mwezi mwandamo wa kalenda yao, usiku wa taa za karatasi. Vyumba hujaa, na daraja halipitiki kwa wingi wa watu.