Usimsubiri mtoto huyo hadi mwaka ujao

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ni nyimbo na michezo gani itamfaa mtoto wa miaka 5 ambaye bado anaunganisha maneno mawili tu, kisha ukaongeza kwamba kwa sasa utamwacha kwa kuwa "anaelewa kila kitu". Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, na mtoto wa watu akapoteza mwaka mzima mikononi mwangu.

Mwanafunzi wangu huyo alikuwa mtulivu. Nikisema wafungue madaftari, alifungua. Nikisema wapange mstari, alipanga. Siku moja jirani yake wa mezani hakuja, nami nikawaambia waweke penseli chini ya kiti kabla ya kuvua viatu. Alivua kiatu kimoja, akabaki ameikumbatia penseli, macho yakizunguka darasani kutafuta mikono ya kuiga. Kumbe miezi yote ile alikuwa akifuata mikono ya mwenzake na ishara zangu, huku maneno yenyewe yakimpita.

Nilikuwa nimeshamwuliza mwalimu mkongwe aliyenisimamia, naye akanijibu kwa uhakika kabisa kwamba watoto wa kiume huchelewa, tena nyumbani kwao wanazungumza lugha mbili. Bado nina uchungu na jibu lile. Lugha mbili hazisababishi tatizo la ukuaji wa lugha, yaani ugumu wa kudumu wa kuelewa na kutumia lugha. Mtoto aliye nalo hutatizika katika zote mbili. Aliyechelewa kusema akiwa na miaka 2 huenda akawafikia wenzake, lakini akifika miaka 5 akiwa bado nyuma sana, kungoja hakumsaidii. Tena si tatizo adimu, kwani huwapata takriban watoto 2 katika darasa la watoto 30.

Kwa hiyo pima uelewa wake kwanza, bila ishara: mikono mgongoni, macho yasielekee kitu unachokitaja, wenzake wasiwepo karibu. Akishindwa, zungumza na wazazi apimwe masikio, kisha aonwe na mtaalamu wa usemi na lugha, ila usingoje majibu ndipo uanze. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja, umwonyeshe na picha ya agizo hilo. Ukimwuliza, nyamaza, uhesabu moyoni hadi 10 kabla ya kurudia. Akisema "mtoto anguka", mjibu "ndiyo, mtoto ameanguka", bila kumlazimisha arudie mbele ya wenzake. Kipimo hicho kifanye kesho asubuhi, kabla kengele haijalia na darasa halijajaa.