Altezza ya milioni nane: kilichobaki mfukoni baada ya miaka mitatu

Tangu niuze Toyota Altezza yangu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Ilikula hela kiasi gani?" Ni wachache wanaouliza kama ilikuwa na mbio. Watu wameshasikia kwamba gari la spoti la bei rahisi ni shimo, wanataka tu kujua kina chake.

Hesabu yangu ni hii. Nililinunua mwaka 2020 kwa shilingi milioni 8 na laki 2, namba za usajili za herufi C, hapa hapa Dar es Salaam. Nikaliuza 2023 kwa milioni 7 na laki 6. Ukiishia hapo utasema nimeendesha miaka mitatu kwa laki sita tu, na ndivyo nilivyokuwa nikitamba kwa washikaji. Tatizo ni kwamba nilikuwa na daftari. Matengenezo peke yake, ukiacha mafuta na bima, yalifika milioni 4 na laki 7. Jumlisha na ile laki sita, gawanya kwa miezi 36, unapata kama 147,000 kwa mwezi. Kwangu mimi ilikuwa bei ya haki kwa furaha niliyoipata, ila mtu asije akaniambia gari lile "lilitunza thamani" bila kufungua daftari.

Sasa, kwa nini bei yenyewe haikuporomoka? Altezza ilitengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, na nchi nyingine iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Hasara kubwa aliibeba yule aliyeinunua mpya kule. Likifika kwetu, gari limeshashuka karibu lote la kushuka. Tena chini yake kuna sakafu: kuagiza nyingine leo ni bei ya mnada, nauli ya meli, kisha kodi za TRA, pamoja na ule ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari lililopita miaka 10. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA uweke mwaka 2001 uone. Wenzetu wa Kenya hawawezi hata kujaribu, kwa sababu gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, kwa hiyo walizonazo ndizo hizo hizo zinazozunguka. Kwa hapa kwetu, mwenye hamu ya Altezza hupiga hesabu ya kuagiza, hushtuka, kisha hurudi kwa dalali. Hapo ndipo mimi na wewe tunapookolewa.

Lakini bei ni jambo moja na kuuza ni jingine. Binamu yangu aliuza IST yake, kigari kidogo cha Toyota, kwa siku mbili. Madereva wa teksi za mtandaoni walikuwa wanagombania. Mimi nilikaa na tangazo miezi miwili na nusu. Waliopiga simu wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wana mapenzi makubwa, hela hawana. Mmoja alikuja mara tatu, akakaa ndani, akashika usukani, akashukuru, akaondoka. Nilimwelewa vizuri sana maana nami niliwahi kufanya hivyo. Wenye hela wanataka Crown au Harrier. Kwa hiyo kama unajua mwakani utahitaji fedha ya haraka, ya ada au ya kiwanja, usiiweke kwenye gari la namna hii. Utaipata, ila si siku unayoitaka.

Wakati wa kununua nilikuwa na magari mawili mbele yangu. La kwanza RS200, gia ya mkono, spidi sita, lile lenye injini ya 3S-GE ambayo Yamaha walishiriki kuiunda, nguvu ya farasi 210 kutoka kwenye lita mbili bila turbo. La pili AS200, otomatiki, injini ya 1G-FE yenye silinda sita na nguvu ya farasi 160. Moyo ulikuwa kwa la kwanza, na bei ilinizidi kwa milioni nne, lakini hiyo ningeikopa. Aliyeniokoa ni fundi wangu, mzee mmoja wa Tabata asiyependa maneno mengi.

Tulikubaliana na dalali wa ile RS200 tukutane saa nne. Tulipofika, gari lilikuwa linaunguruma tayari. "Nimeliwasha mapema, bosi, nisikucheleweshe." Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa, akaniambia, "Kijana, twende. Tutarudi kesho saa moja." Kesho yake tukafika dalali akiwa bado anapiga mswaki. Likawashwa likiwa la baridi, na kwa sekunde kadhaa za mwanzo pakatoka mlio mkavu wa kugongana, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo, kisha ukapotea. Ile ni gia ya VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa vali kufunguka, upande wa egzosi, ugonjwa unaojulikana wa injini hiyo. Injini ikishapata moto husikii chochote. Ndiyo maana lilikuwa limewashwa kabla hatujafika. Nikaliacha, nikachukua AS200.

Ukichukua neno moja tu kwangu, chukua hili la kulikuta gari likiwa la baridi. Muuzaji akikataa, una jibu lako.

Kuhusu spea, tofauti ya hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti ya mbio zake. Ile 1G-FE ndiyo hiyo hiyo ya Mark II GX110, gari ambalo limejaa mjini, kwa hiyo Ilala au Kariakoo ukitaja injini muuzaji anageuka na kukuletea. Lakini 3S-GE ya aina ile ilifungwa kwenye Altezza peke yake. Kitu kikifa unategemea Altezza nyingine iliyopata ajali. Halafu iliundwa kwa petroli ya okteni ya juu inayouzwa Japani, na bado injini hiyo inakaa kwenye foleni ya barabara ya Mandela kama ya gari jingine lolote.

Hata hivyo lazima niseme ukweli unaoniuma: aliyenunua ile RS200 hakukosea upande wa fedha. Zile za gia ya mkono ndizo zinazotafutwa duniani. Marekani huruhusu gari la nje lililofikisha miaka 25 liingie bila masharti yao ya kawaida, na Altezza za kwanza zilifika umri huo mwishoni mwa 2023. Lexus ya kwao haikuja na injini ile, kwa hiyo wapo wanaoitaka. Mnunuzi wa Texas akiongeza dau kwenye mnada wa Japani, bei inasogea mpaka kwa dalali wetu. AS200 otomatiki haina mshabiki wa hivyo. Ni rahisi kuishi nayo, na ni ngumu kujivunia nayo sokoni.

Daftari langu linasema hela ilikwenda wapi. Kitu cha kwanza kabisa, wiki niliyolichukua, kilikuwa taimingi belti pamoja na pampu ya maji, kwa sababu aliyeniuzia alisema "imebadilishwa juzi" bila risiti. Neno "juzi" bila risiti halina thamani hata ya shilingi. Baadaye redieta. Tairi nne. Lakini fungu zito lilikuwa miguuni: shokapu, bushi, boljointi. Na hilo si kosa la Toyota. Mwenye gari aliyenitangulia alilishusha kwa springi fupi, za asili akazitupa, na kwa barabara ya mtaa wangu kila tuta lilikuwa linasuguliwa na tumbo la gari. Nilitafuta springi za asili kwenye yadi za spea miezi mitatu. Nilipozipata, shokapu zilikuwa zimeshakufa.

Ndiyo maana nikiona tangazo lenye maneno "imefanyiwa kila kitu", vipande vya urembo vya bodi, egzosi ya kopo, taa za kichina, mimi naipunguzia bei kichwani. Aliyeweka anaona ameongeza milioni mbili. Mnunuzi anaona milioni mbili za kurudisha. Uliza pia kama injini ni ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Soma namba ya injini na ya chesisi kwa macho yako, kwa sababu nyingi zimebadilishiwa injini na kadi haijui. Deni la trafiki na jina lililomo kwenye kadi ni mambo ya dakika kumi kwenye simu, yafanye kabla ya kutoa hata shilingi ya chai.

Bima nilikata ndogo, ile inayolipa hasara ya watu wengine tu, si ya gari lako. Kampuni ya kwanza niliyoiuliza kuhusu bima kubwa iliangalia mwaka wa gari ikakataa. Kwa hiyo gari likiibiwa au likiungua, thamani yote niliyokueleza hapo juu inakuwa sifuri.

Aliyelinunua mwishowe alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa makamo. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaweka kiganja juu ya boneti. Nilicheka peke yangu. Akalisikiliza likiwaka, akaomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, chai inapoa pembeni. Alipofika kwenye risiti ya springi akauliza, "Hizi ni za asili?" Nikamwambia ndiyo, nikamwonyesha na gunia lenye zile fupi. Akasema hilo gunia nibaki nalo. Tukavutana kwenye laki moja, nikashindwa.