Fundi Tujibu: Jeti inakimbia tu, haipai

Fundi, salamu. Nina F-16 ya rimoti, fani (ile feni ya ndani inayoisukuma) ya milimita 70, betri ya 6S, yaani seli sita. Tunarushia barabara ya murram huku Kitengela. Inakimbia vizuri mpaka mwisho wa barabara lakini haitaki kupaa, mara ya mwisho imeingia kwenye nyasi mguu wa mbele ukapinda. Jamaa wananiambia nifunge fani kubwa zaidi. Nifunge? – Msomaji, Kitengela

Usinunue kitu kwanza kaka, hiyo hela ya fani kaa nayo.

Ndege ya propela mbele ina bahati moja, upepo wa propela unapita juu ya mkia hata kabla haijaanza kutembea, kwa hiyo ukivuta stiki mkia unasikia hapo hapo. Jeti ya fani haina hiyo kitu. Hewa inaingia tumboni inatokea kwenye bomba la nyuma, mkia haupati chochote mpaka ndege yenyewe ikimbie. Sasa ukiongeza na pua nzito ndio basi, utavuta stiki mpaka ukutane na uzio wa watu.

Anza na sehemu ya uzito, yaani pale ndege inaposimama sawa ukiibeba. Kitabu kimekupa umbali kutoka ukingo wa mbele wa bawa, pima kwa rula pande zote mbili, tia alama na kalamu, weka betri unayorushia yenyewe (sio nyingine), halafu inua ndege kwa ncha za vidole hapo kwenye alama. Ikilala pua chini waziwazi, rudisha betri nyuma kidogo kidogo. Watu wengi wanasukuma betri mbele kabisa kwa sababu wamesikia pua nzito ni salama, na angani kweli kidogo ni afadhali kuliko mkia mzito, ila chini kwenye murram inakufunga miguu.

Halafu iweke sakafuni uichungulie kwa ubavu. Bawa linatakiwa liwe sawa au pua iwe imeinuka kidogo sana. Pua ikiinama, hata ukanyage vipi bawa linaisukuma ndege chini. Na kwa sababu mguu wako ulipinda, mimi nashuku umeunyoosha ukabaki mfupi. Ongeza milimita chache mbele, au tairi kubwa kidogo ambalo huo murram utalihitaji pia, lakini kunja miguu ukiwa mezani uone kama tairi linaingia kwenye shimo lake bila kukwama.

Kingine watu wanasahau, Kitengela iko juu, kama mita 1,600 hivi, hewa ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na saa nane mchana jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Fani inasukuma kidogo na bawa linahitaji spidi zaidi, vyote kwa pamoja. Zile video unazoangalia wenzetu wanapaa kwa hatua chache, wengi wako usawa wa bahari juu ya lami. Wewe rusha asubuhi, flapsi nusu, barabara ndefu, pua uielekeze kwenye upepo.

Ukimaliza yote hayo bado haipai ndio tuongee nguvu. Ndege ikiwa sakafuni, funga kamba mkiani, ncha nyingine kwenye mizani ya ndoano kama ile ya wauza samaki, shika mizani kwa nyuma, throto mpaka mwisho, soma. Msukumo ukiwa chini ya nusu ya uzito wa ndege kuna tatizo, na hapo ndipo fani yenyewe inastahili kuangaliwa.

Na hapo mko karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, ongeeni na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hamjarudi uwanjani.

Fundi, nina F-22 ndogo ya 64mm inatumia 4S. Nikiweka 6S si itakuwa roketi? – Msomaji, Mwanza

Itakuwa roketi kwa sekunde chache, halafu itanuka. Voltiji inapanda mara moja na nusu, fani inataka kuzunguka kwa kiasi hicho hicho, lakini umeme wa kuzungusha fani haupandi hivyo, unapanda kwa mchemraba wake, yaani zaidi ya mara 3. Kontrola ya mota iliyokadiriwa 4S itaungua, na ikinusurika, mabapa ya fani yenyewe yana kikomo cha mizunguko na ukikivuka yanapasuka ndani ya bodi huku wewe umesimama pembeni. Ukitaka 6S badilisha seti nzima, mota, fani na kontrola, iliyotengenezwa kwa 6S, kisha pima amperi kwa wati-mita kabla ya kurusha. Ukifanya hesabu utaona bora uuze hiyo ununue ya 70mm.

Nimeweka jairo, kile kifaa cha kuituliza ndege chenyewe, sasa nimestarehe na sehemu ya uzito, au vipi? – Msomaji, Dodoma

Hapana aisee. Jairo inaficha kosa tu, nayo inaficha mpaka spidi ishuke wakati wa kutua, pale ndio mkia mzito unakuumbua. Na uipime kabla: inua pua kwa mkono, eleveta (kile kibao cha mkiani) ishuke yenyewe. Inamisha bawa la kulia, eleroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa) ya kulia ishuke. Ikifanya kinyume usirushe, jairo iliyogeuzwa inaangusha ndege pale pale inapoacha ardhi.

Fundi nataka F-5 yangu iwe kama zile za jeshi letu tunaziona huku. Rangi ya spreyi inafaa? – Msomaji, Nanyuki

Hapo umechagua vizuri, Kenya inazo tangu 1978 na wewe unaishi jirani na kambi ya jeshi la anga ya Laikipia, hauhitaji picha, unainua kichwa tu. Spreyi ya magari kwenye foumu mimi siipendi, nyingine zinaitafuna. Jaribu kwanza ndani ya kifuniko cha betri, ukae siku nzima uone. Akriliki ya maji ndio mpango, tabaka jembamba, na mkiani uwe bahili kabisa kwa sababu uzito wa huko nyuma utaulipa kwa uzito mwingine kwenye pua. Alama na namba usichore kwa mkono, nenda kwa wale mafundi wa grafiki za matatu, wana mashine ya kukata stika na kazi ndogo kama hiyo wanakufanyia wakati wanasubiri gari. Mistari ya vipande vya bati ipite na penseli tu halafu uifute kidogo kwa kidole. Rangi nyeusi nyeusi usiiache kwenye gari lililofungwa madirisha juani, foumu inatoa malengelenge.

Asalaam aleikum Fundi, natoka Muscat nakwenda Tanga kwa ndugu zangu, nina betri za 6S, mbili za 4000 na moja ya 5000. Nizitie kwenye sanduku? – Msomaji, Muscat

Waaleikum salaam. Sanduku la chini hapana, betri za akiba zinaingia kwenye mzigo wa mkononi tu. Hesabu ni voltiji 22.2 mara amperi-saa (4000 ni 4, 5000 ni 5): zile za 4000 zinatoka wati-saa 88.8, ziko chini ya 100 hazina shida. Ya 5000 inatoka 111, hiyo omba ruhusa ya shirika la ndege mapema, usingoje kaunta. Zishushe mpaka volti 3.8 kila seli, vichwa vya waya uvizibe kwa tepu, kila moja mfuko wake, na lebo yenye namba iachwe ionekane maana mkaguzi ataitafuta.