Kabla ya kununua dripu, choma nondo ya chuma ardhini shambani

Mkuu, umeuliza kama ununue dripu (mipira yenye vitundu vya kudondoshea mche maji) kwa ekari yako ya nyanya jirani na mto, na ufanyeje mbolea isiishie mtoni, maana watu wa chini wanalalamika maji yanageuka kijani. Mimi nalima nyanya na vitunguu tambarare ya chini ya Moshi. Maji yakitoka kwetu yanaingia mto Kikuletwa, halafu bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa niliyoyaona, hilo ni tatizo moja: maji uliyozidisha ndiyo yanayoisomba mbolea.

Zamani zamu yangu ya maji ikifika nilifungulia mfereji mpaka maji yafike mwisho wa mtaro, basi. Siku moja nikachonga ncha ya kipande cha nondo, na kesho yake baada ya kumwagilia nikawa naichoma ardhini. Nondo hupenya udongo uliolowa, ikikuta mkavu inagoma. Kwenye mdomo wa mtaro ilizama karibu mita nzima. Mkiani, shubiri tu! Yaani miche ya juu mbolea yake ya CAN imeshuka kuliko mizizi, ya mkiani inakufa kiu. Mtaro wenyewe ulikuwa na mita 60 na ushee.

Dawa yake ilikuwa jembe. Nilikata mitaro iwe ya mita 20 hivi, kila mmoja na mlango wake, nikaziba ncha za chini kwa udongo. Mbolea nayo simwagi tena juu juu. Natia kwenye kishimo pembeni ya mche, nafukia, kwa awamu tatu au nne. Nitrojeni ya CAN na urea huyeyuka ikafuata maji. Fosforasi ya mbolea ya DAP hung'ang'ania udongo, hivyo huondoka na tope. Tope nimelitegea majani ya mabingobingo upande wa mto, na ng'ombe wanashiba humo humo. Ila usijidanganye: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 za ukingo. Kama umelima humo, rudi nyuma kwanza.

Dripu ni nzuri. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanakadiria kwa mitaro karibu 60% ya maji yaliyoingia shambani ndiyo humfaa mmea, kwa dripu 90%. Shida ni mchanga wa mfereji. Ya kwanza niliuziwa bila chujio, mwezi wa pili vitundu vimeziba, nikawa nakaa nazibua kimoja kimoja kwa sindano ya kushonea kama fundi cherehani. Weka bajeti ya chujio na tenki la maji kutuama kabla ya kununua mipira. Na bomba la kupulizia dawa lioshee shambani, sio mferejini, wenzako wanachota humo.

Choma nondo wiki hii, kisha utuambie udongo wako ni kichanga au mfinyanzi, ndipo tujue vitundu vya dripu viachane kiasi gani.